Mtoto wa miaka 6 anajinyea kila siku na anasema hasikii choo kikitoka

*"Daktari, naomba msaada. Mwanangu wa kiume ana miaka 6. Aliacha nepi akiwa na miaka 2 na nusu, hakusumbua kabisa. Tangu mwaka jana ameanza kujinyea karibu kila siku. Si choo kizima, ni uchafu laini au majimaji yanayopaka chupi, mara 3 au 4 kwa siku. Nikimuuliza anasema hakusikia kitu. Ananuka, wenzake darasani wameanza kumkwepa, lakini yeye mwenyewe hasikii hata harufu. Nilidhani anaharisha, nikampa dawa ya kuzuia kuharisha, hali ikazidi. Choo cha kweli anapata mara moja kwa wiki hivi. Siku hiyo anajificha nyuma ya kochi, anasimama kwa ncha za vidole, anakutanisha mapaja, uso unamwiva, na kikitoka ni kikubwa mpaka kinaziba choo. Baba yake anasema ni ukaidi na ameshamchapa. Mdogo wake alizaliwa mwaka jana, kwa hiyo ndugu wanasema ni wivu. Juzi nimekuta chupi chafu amezificha chini ya godoro. Je, anafanya makusudi? Ana tatizo la akili? Na akiendelea hivi, utumbo wake utaharibika kabisa?"*

Mama, nianze na lile linalokunyima usingizi: mwanao hafanyi makusudi. Anaposema hakusikia, anakwambia ukweli. Sijampima, na nitakuomba umpeleke akapimwe, lakini ulivyoeleza hali yake ni picha ninayokutana nayo mara kwa mara kwa watoto wa umri huu, hasa wavulana. Huyu ni mtoto aliyefunga choo kwa muda mrefu, na kinachopaka chupi ni kinyesi cha majimaji kinachovuja kupita pembeni ya kile kigumu kilichokwama.

Najua inashangaza. Unawezaje kuambiwa mtoto amefunga choo wakati unafua chupi 4 kwa siku? Ngoja nikueleze kinachotokea ndani, kwa sababu ukishakielewa, kila jambo uliloandika litajipanga lenyewe.

Kazi ya utumbo mpana ni kunyonya maji kutoka kwenye mabaki ya chakula. Mabaki yakifika mwisho wa utumbo, kwenye puru, kuta za puru hutanuka kidogo na neva hupeleka taarifa kwamba kuna haja. Mtu akienda chooni, puru hubaki tupu na kutulia. Mtoto akibana, choo hurudi nyuma na ile hisia hupotea kwa muda, huku utumbo ukiendelea kunyonya maji. Kesho yake choo kimekuwa kigumu na kikubwa kuliko jana. Kikitoka kinauma, pengine kinachana ngozi ya njia ya haja kubwa. Mtoto anajifunza somo moja tu: kwenda choo kunaumiza. Safari inayofuata anabana zaidi, na kinachosubiri kutoka kinazidi kuwa kigumu. Duara hilo likizunguka kwa miezi, puru hutanuka kama lastiki ya soksi iliyovutwa mno, na neva zake huacha kupeleka taarifa kwa choo cha kawaida. Mpaka mzigo uwe mkubwa sana ndipo mtoto ahisi kitu.

Wakati huo chakula kinaendelea kuingia kila siku na kinyesi kipya, ambacho bado ni laini, kinaendelea kushuka. Kinakuta njia imezibwa. Kinatafuta upenyo pembeni, kinashuka taratibu, na kinatokea kwenye chupi bila mtoto kupata ile ishara ambayo wewe na mimi tunaipata. Ndiyo maana ulidhani ni kuharisha. Wazazi wengi huamini hivyo, na wapo hata wahudumu wa afya ambao huamini hivyo wasipogusa tumbo. Dawa ya kuzuia kuharisha hupunguza mwendo wa utumbo, kwa hiyo ilizidisha kuziba. Iache leo.

Sasa turudi nyuma ya lile kochi. Uliyoyaona pale, kusimama kwa ncha za vidole, kukutanisha mapaja, uso kuiva, wazazi karibu wote huyatafsiri kuwa mtoto anajikamua ili choo kitoke. Ukweli ni kinyume chake. Mtu anayetaka kutoa choo hukunja magoti na kuchuchumaa, mwili wenyewe unajua. Anayesimama wima na kubana makalio anapigana kukizuia. Mwanao siku hiyo anaogopa maumivu na anatumia nguvu zake zote yasimpate. Ukimkuta hapo, usimwambie "kaza, sukuma". Msogelee kwa upole, mwambie unajua kuna kinachomsumbua, umsindikize chooni mkakae pamoja.

Kuhusu harufu: pua ya mtu yeyote huizoea harufu anayokaa nayo saa zote, hata ikiacha kuitambua. Mtoto anayevuja mchana kutwa hanusi kile unachonusa wewe unapofungua mlango. Hilo halionyeshi uzembe. Na zile chupi chini ya godoro zinakuonyesha mtoto anayeona aibu na asiyejua afanyeje. Mtoto mkaidi hafichi ushahidi kwa woga namna ile. Mwekee ndoo yenye kifuniko mahali ambapo anaweza kutumbukiza chupi chafu bila kuulizwa, na chupi safi mahali anapofikia mwenyewe. Jambo dogo, lakini linamwondolea sababu ya kuficha.

Kuhusu wivu, sikatai kwamba kuzaliwa kwa mdogo wake kunaweza kuwa na mchango. Mara nyingi duara hili huanza na tukio: homa iliyomkausha maji, safari, kuhamia chumba kipya, mtoto mchanga kuingia nyumbani, au kuanza shule ambako vyoo ni vichafu, havina faragha, au mwalimu haruhusu watoto watoke. Mtoto anabana siku chache, choo kinakuwa kigumu, kinamuuma. Lakini hata tukijua kilichoanzisha, kinachoendeleza tatizo sasa ni puru iliyojaa na kulegea. Mngeweza kumbembeleza mwaka mzima kuhusu mdogo wake, na bado angevuja. Si ugonjwa wa akili pia. Huzuni na hasira unazoziona kwake, kama zipo, kwa watoto wengi ni matokeo ya kuvuja na kuchekwa, na hupungua chupi zikianza kubaki safi.

Hapa naomba baba yake asome. Baba, najua unamwadhibu kwa sababu unataka akue vizuri na unaumia akichekwa. Lakini misuli inayofunga njia ya haja kubwa hukaza mtu anapoogopa. Mtoto anayetarajia fimbo anabana zaidi, na kila anapobana, ugonjwa unaongezewa siku. Kumchapa kwa hili ni kumchapa kwa jambo ambalo mwili wake haujamwarifu. Fimbo ikome, na ikome pia kumtaja mbele za watu. Kisha mwambie mwenyewe, wewe uliyemchapa, kwamba sasa umeelewa hakuwa anafanya kusudi. Mtoto akiyasikia hayo kwako, matibabu yatakwenda kwa urahisi zaidi kuliko akiyasikia kwangu.

Matibabu yenyewe yana hatua mbili, na kosa linalorudisha watoto wengi nyuma ni kuruka ya kwanza au kuikatiza ya pili.

Hatua ya kwanza ni kuondoa mzigo uliokwama. Bila hilo, mboga na matunda haviwezi kupita kwenye njia iliyozibwa, na kumrundikia nyuzinyuzi katika hali hii kunaweza kumwongezea tumbo kujaa na maumivu. Dawa inayopendekezwa kwanza na miongozo ya madaktari wa watoto ni makrogoli, yaani poliethilini glaikoli, unga unaoyeyushwa kwenye maji. Hushika maji na kuyabeba hadi kwenye utumbo mpana, choo kikalowa na kulainika, na sehemu ndogo mno tu ndiyo inayoingia kwenye damu. Pale isipopatikana, laktulosi, dawa nyingine ya maji ya kulainisha choo, hutumika, ingawa huleta gesi zaidi. Dozi ya kusafisha ni kubwa mara kadhaa kuliko ya kuendelea, hupigiwa hesabu kwa uzito wa mtoto, na kwa kawaida huchukua siku 3 hadi 6. Sitakuandikia kipimo hapa, kwa sababu lazima mtu amguse tumbo kwanza na ahakikishe hakuna kizuizi kingine. Nikuonye jambo moja mapema ili usikate tamaa: katika siku hizo kuvuja kutaongezeka, hakutapungua. Anzeni wakati hana shule.

Utasikia ushauri wa kumpiga bomba, yaani kumwingizia maji au dawa kupitia njia ya haja kubwa. Bomba hufanya kazi, na kuna nyakati daktari hulazimika kulitumia. Ila dawa ya kunywa hufanikiwa vilevile kwa watoto wengi, na mtoto ambaye tayari anaogopa chochote kinachohusu sehemu hiyo ya mwili huongezewa hofu anaposhikwa kwa nguvu. Kwa hiyo mimi huanza na ya kunywa. Usimpige bomba la sabuni nyumbani kamwe, sabuni huchubua na kuunguza utando wa utumbo. Yale ya fosfeti yanayouzwa tayari nayo yana hatari ya kuvuruga chumvi za mwili kwa watoto wadogo na wenye matatizo ya figo, hivyo yasitumiwe bila daktari. Kuhusu dawa za mitishamba za kusafisha tumbo, huwezi kujua nguvu ya kile unachompa mtoto wa uzito wake. Ziache.

Hatua ya pili ni ndefu na haina msisimko wowote, na ndiyo inayoponya. Mtoto aendelee na dawa ya kulainisha kila siku, kwa kipimo kinachompa choo laini kila siku au kila baada ya siku moja, ili puru ikae tupu kwa muda wa kutosha kurudi kwenye umbo lake na neva zianze tena kutoa taarifa. Miongozo ya madaktari wa watoto inataka angalau miezi 2, na dalili ziwe zimeisha kwa angalau mwezi 1 kabla ya kuanza kupunguza, tena kidogo kidogo. Kwa mtoto aliyevuja mwaka mzima kama wako, jiandae kwa miezi 6 au zaidi. Wazazi wengi huacha dawa wiki ya tatu, pale chupi zinapoanza kuwa safi. Puru bado imelegea. Ndani ya wiki chache mzigo umerudi, na watu wanasema dawa haikufaa.

Sababu ya kuacha mapema huwa ni hofu ninayoisikia kila mara: "utumbo utazoea dawa, utakuwa mvivu." Makrogoli na laktulosi hazifanyi utumbo kuwa tegemezi. Kinachoufanya utumbo ulegee ni kukaa umejaa. Dawa zinazochochea misuli ya utumbo, kama sena na bisakodili, nazo zina nafasi yake kwa baadhi ya watoto, lakini hizo ziongezwe na daktari anayemfuatilia.

Pamoja na dawa kuna mazoezi ya kukaa chooni. Chakula kinapoingia tumboni, utumbo mpana huamka na kuanza kusukuma, kwa hiyo wakati mzuri ni muda mfupi baada ya kula. Mkalishe dakika 5 hadi 10, baada ya chai ya asubuhi na baada ya chakula cha jioni, kila siku, hata kama anasema hana haja. Kumbuka kwamba kwa sasa hisia zake hazitegemeki, hivyo saa ndiyo itamwongoza. Kama choo chenu ni cha kukaa, miguu yake isining'inie. Weka kigoda chini ya nyayo, magoti yapande juu kidogo ya nyonga, ainame mbele. Kuna msuli unaozunguka puru na kuikunja ili choo kisitoke ovyo, na mkao huo huulegeza na kunyoosha njia. Choo cha kuchuchumaa kinampa mkao huo tayari, mradi asiogope kutumbukia. Mpe puto alipulize akiwa pale, kwa sababu kupuliza hukaza tumbo na kulegeza chini bila yeye kufikiria.

Zawadi mpe, lakini mpe kwa kukaa. Nyota kwenye kalenda, hadithi, sifa, vyovyote, kwa kuwa kukaa ni jambo analoliweza. Ukimwahidi zawadi kwa chupi safi, unamwahidi kwa kitu ambacho bado hakimo mikononi mwake, na utamrudisha kuficha chupi.

Chakula? Nitakuwa mkweli kwako, kwa sababu mama wengi hujilaumu hapa. Matunda, mboga, kunde na nafaka zisizokobolewa ni vizuri kwake kama kwa mtoto yeyote, na anywe maji ya kutosha kwa umri wake na kwa joto la mahali alipo. Lakini kumnywesha maji kupita kiu yake au kumwongezea pumba hakutaliondoa tatizo lililofika hapa. Kama anakunywa maziwa mengi ya ng'ombe mpaka hali chakula, yapunguze. Wapo watoto wachache ambao choo chao hufunga kwa sababu ya mzio wa protini ya maziwa hayo. Daktari anaweza kuwaambia mjaribu kuyaacha kwa wiki 2 hadi 4, ila msifanye hivyo wenyewe bila mpango wa kitu mbadala.

Shuleni, zungumza na mwalimu mmoja unayemwamini. Huhitaji kumweleza kila kitu. Mwombe mtoto aruhusiwe kutoka wakati wowote bila kunyosha mkono mbele ya darasa, na awe na mahali pa kubadilisha nguo kwa faragha. Mfuko mdogo wenye chupi, karatasi laini na mfuko wa plastiki ukae kwenye begi lake. Ukisikia wanamtania, mwambie mwalimu siku hiyohiyo. Kutengwa kunaweza kuacha kidonda kirefu kuliko ugonjwa wenyewe.

Uliuliza kama utumbo wake utaharibika kabisa. Hapana. Puru iliyotanuka hurudi, ila polepole, na kadiri matibabu yanavyowahi ndivyo inavyokuwa rahisi. Sitakudanganya kwamba ni safari ya mstari ulionyooka: hata kati ya watoto wanaofika kwa mabingwa wa tumbo, ambao huwa ndio wenye hali ngumu, takriban nusu ndio huwa wamepona na kuacha dawa kati ya miezi 6 na 12. Waliobaki huhitaji muda zaidi. Homa, safari au likizo vinaweza kurudisha dalili. Zikirudi, rudisheni dozi kama mlivyoelekezwa, bila lawama.

Kuhusu kwenda hospitali, mtafutie miadi ndani ya wiki hii au ijayo. Daktari atamgusa tumbo, ambako mara nyingi uvimbe wa choo hushikika, ataangalia mgongo, miguu, na njia ya haja kubwa kwa nje. Watoto wengi hawahitaji eksirei wala kipimo cha kuingizwa kidole. Kama kitahitajika, mtoto aelezwe kwanza na wewe uwepo. Zaidi ya watoto 9 kati ya 10 waliofunga choo hawana ugonjwa mwingine nyuma yake. Mwanao aliishi miaka 5 bila shida na ukuaji wa kawaida, jambo linalofanya ugonjwa wa kuzaliwa nao, kama ule wa Hirschsprung ambapo sehemu ya mwisho ya utumbo haina neva, usiwe na uwezekano mkubwa. Hata hivyo mwambie daktari kama alichelewa kutoa choo cha kwanza kupita saa 48 baada ya kuzaliwa, kama hakui au anapungua uzito, kama miguu ina udhaifu au ameanza kutembea tofauti, kama kuna kishimo au kishungi cha nywele chini ya mgongo, au kama kuna damu kwenye choo. Mwambie pia kama anakojoa kitandani au anaumwa akikojoa, kwa sababu puru iliyojaa hukandamiza kibofu, na mara nyingi mambo hayo huisha pamoja.

Usisubiri miadi ikiwa tumbo limevimba na kuwa gumu, anatapika hasa matapishi ya kijani, ana homa kali pamoja na maumivu ya tumbo, au ameshindwa kukojoa. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo, na dawa ya kulainisha isitolewe nyumbani.

Wapo watoto wachache wanaojinyea bila kufunga choo kabisa, na hao dawa ya kulainisha huwaongezea shida. Maelezo yako hayafanani nao, lakini ndiyo sababu nyingine ya kupimwa kwanza. Na kuna swali ambalo ni wajibu wangu kukuomba uliulize kwa utulivu, mkiwa wawili tu: kama kuna mtu yeyote amewahi kumgusa au kumuumiza sehemu hizo. Mara nyingi jibu ni hapana, na kujinyea peke yake si ushahidi wa hilo. Ila kama ana hofu mpya kwa mtu fulani au mahali fulani, au unaona majeraha usiyoyaelewa, mwambie daktari siku hiyohiyo, na mtoto asiachwe na mtu huyo.

Kabla ya miadi, weka daftari kwa siku chache: siku aliyopata choo, ukubwa na ugumu wake, mara ngapi chupi imechafuka, dawa zote alizowahi kupewa pamoja na ile ya kuzuia kuharisha. Mpime uzito ukiweza. Na mwanao amweleze daktari mwenyewe anavyosikia, kwa maneno yake, wewe ukijazia tu alipoishia.